Mtoto wa mshona viatu aliyewasimulia watoto wa dunia nzima

KISA cha mfalme aliyetembea uchi mbele ya raia wake, naye akidhani kuwa amevaa mavazi yasiyo na kifani, nilikisikia nikingali mtoto mdogo. Kwa miaka mingi nilidhani kuwa ni miongoni mwa visa vya Abunuwasi, kwa namna kilivyofanana na hila zake. Baadaye sana ndipo nilipofahamu kuwa aliyekieneza kisa hicho duniani alikuwa mtu wa Denmark, nchi ndogo ya baridi iliyoko kaskazini ya Ulaya, na kwamba jina lake lilikuwa Hans Christian Andersen.

Leo nataka kuwasimulia wasomaji maisha ya bwana huyo, na ninazo sababu mbili. Kwanza, yeye ni mmoja wa watungaji wa ngano za watoto wanaojulikana zaidi ulimwenguni. Pili, maisha yake yanaufafanua vyema ule msemo wa wazee wetu kwamba mwacha asili ni mtumwa. Andersen alijitahidi sana kuikimbia asili yake, na katika kuikimbia alipata aibu na machungu mengi. Lakini kila alipoirudia, kalamu yake ilitoa vitu ambavyo havijafutika mpaka hivi leo.

CHUMBA KIMOJA

Alizaliwa tarehe 2 Aprili, 1805, katika mji wa Odense, kwenye kisiwa cha Funen. Baba yake alikuwa mshona viatu, na mama yake, Anne Marie, alikuwa akifua nguo za watu mtoni kwa ujira. Waliishi katika chumba kimoja, na humo humo ndimo mlimokuwa kitanda, jiko na meza ya kushonea viatu. Mama hakujua kusoma wala kuandika. Alipokuwa msichana mdogo, wazazi wake walimtoa nje kwenda kuomba sadaka, naye kwa haya alizokuwa nazo akajikalia chini ya daraja akalia kutwa nzima.

Babu yake mzaa baba alikuwa amerukwa na akili, na watoto wa mtaani walikuwa wakimfuata na kumzomea. Siku moja Andersen aliwasikia wakimpigia makelele mzee huyo, akakimbia kujificha nyuma ya ngazi, maana alijua fika kuwa yule aliyekuwa akizomewa ni damu yake. Isitoshe, mama yake alikuwa amezaa binti kabla ya kuolewa, aitwaye Karen Marie, na binti huyo hakulelewa nyumbani humo. Mambo hayo yote Andersen aliyabeba moyoni mwake mpaka uzeeni.

Hata hivyo, nyumba ile ya kimaskini haikuwa tupu. Baba alipenda vitabu kuliko viatu. Jioni alipoiweka nyundo chini alikuwa akimsomea mwanawe hekaya za Alfu Lela Ulela, zile zile ambazo sisi wa mwambao tunazijua tangu utotoni, na pia alimtengenezea jukwaa dogo la vikaragosi. Bibi yake naye alikuwa akiitunza bustani ya nyumba ya wagonjwa wa akili, na huko mtoto huyo aliketi pamoja na wanawake wazee waliokuwa wakisokota nyuzi, wakampa ngano za mashambani walizozirithi kwa mama zao. Kwa hivyo alilipata lile somo ambalo wengi wetu tulilipata ukumbini kwa bibi zetu usiku, kabla televisheni haijaingia majumbani na kuwanyamazisha wazee.

Raha hiyo haikudumu. Baba alikwenda jeshini katika zile vita vya Napoleon, akarejea akiwa mgonjwa, na mwaka 1816 akafariki dunia. Andersen alikuwa na umri wa miaka 11. Alipelekwa kufanya kazi kiwandani, na huko wafanyakazi wenzake walimfanyia kejeli kwa sababu ya sauti yake nyororo kama ya msichana. Mama yake, ambaye baadaye aliolewa tena, alitaka mwanawe ajifunze ushonaji wa nguo ili apate riziki ya halali. Mtoto akakataa katakata. Alisema kuwa yeye atakwenda mji mkuu kuwa mtu mashuhuri.

Mama alikwenda kumtazamia mwanawe kwa mpiga ramli. Sisi Waislamu tumekatazwa mambo hayo, na wala simsifu, lakini huwezi kukisimulia kisa cha Andersen ukaliacha jambo hilo. Mwanamke yule alitabiri kuwa iko siku mji mzima wa Odense utawashwa taa kwa heshima ya kijana huyo. Mama akalia kwa furaha, akampa ruhusa. Tarehe 4 Septemba, 1819, kijana wa miaka 14 akaondoka kwao akiwa na riksdala 13 tu mfukoni.

DARASANI NA WATOTO

Kule Copenhagen alibisha hodi kila mlango. Alitaka kuimba, sauti ikamvunjikia. Alitaka kucheza ngoma za jukwaani, mwili wake mrefu mwembamba ukamkatalia. Alitaka kuigiza, akaonekana hafai. Aliandika michezo ya kuigiza iliyojaa makosa ya tahajia, nayo ikarudishwa. Mara nyingi alilala na njaa. Mwaka 1822 jumba la michezo la mfalme likamtoa kabisa.

Wakati huo Mwenyezi Mungu alimjaalia kukutana na Jonas Collin, mmoja wa wakurugenzi wa jumba hilo na mtu aliyesikilizwa serikalini. Collin alitambua kuwa kijana huyo ana kipawa ila hana elimu, akamwombea fedha za mfalme apelekwe shule katika mji wa Slagelse. Hebu fikiria, msomaji, kijana wa miaka 17, mrefu kama mnazi, ameketi darasani na watoto wa miaka 11 na 12. Mwalimu mkuu, Simon Meisling, alimdhihaki mbele ya wenzake na kumkataza kutunga mashairi. Miaka mingi baadaye, alipokuwa amekwisha kuheshimiwa na wafalme, Andersen alikuwa bado akimwota mwalimu huyo na kuamka akitetemeka.

Wakati wa likizo ya mwaka 1825 alipewa chumba katika kasri moja la Copenhagen, kwa jamaa waliomhurumia. Usiku alisimama dirishani akautazama uwanja, na akamkumbuka Aladini alivyoitazama njia aliyokuwa akipita akiwa fukara. Kwa hakika Aladini alikuwa kioo chake. Yeye pia alikuwa mtoto wa maskini aliyekuwa akiisubiri taa yake.

Nyumba ya Collin ikawa kwake kama nyumba ya pili. Alikula nao na kucheka nao, lakini hawakumsahaulisha kuwa yeye alitoka chini. Mwaka 1831 alimwomba Edvard, mtoto wa Collin, kwamba waitane kama ndugu, kwani katika lugha yao kuna neno la kumwita mtu wa karibu, na kuna neno jingine la kumwita mtu wa kando kwa heshima. Edvard alikataa. Jeraha hilo halikupona. Miaka 16 baadaye, Andersen alipotoa ngano iitwayo Kivuli, alimfanya mtu amwombe kivuli chake jambo lile lile, na kivuli kikakataa.

NENO LA MTOTO

Alipomaliza masomo alianza kupata jina kwa mashairi na vitabu vya safari, na mwaka 1835 akatoa riwaya iliyosifiwa sana, inayohusu Italia. Mwaka huo huo, mwezi wa Mei, alichapisha kijitabu chembamba cha ngano nne za watoto. Mojawapo ni ile ya askari aliyeingia ndani ya shina la mti kumtolea mwanamke mchawi chombo cha kuwashia moto, na kila akikigonga hutokea mbwa wenye macho makubwa ajabu kumtumikia. Msomaji wa Alfu Lela Ulela hahitaji kuambiwa mbwa hao ni jamaa za nani.

Wahakiki hawakufurahi. Walisema lugha yake ni ya mdomoni, si ya vitabuni, na baadhi yao walimshauri asipoteze wakati wake kwa upuuzi huo. Kumbe hapo hasa ndipo palipokuwa na siri. Kwa mara ya kwanza Andersen aliacha kuiga maneno ya wakubwa. Aliandika kama walivyosema wale wazee waliokuwa wakisokota nyuzi, na kama baba yake alivyomsomea huku mkono ukinuka ngozi na gundi. Wasomi waliliona jambo hilo kuwa kosa, lakini watoto walimwelewa mara moja.

Mwaka 1837 ndipo kilipotoka kile kisa cha nguo mpya za mfalme, pamoja na kile cha nguva mdogo aliyempenda binadamu akaitoa sauti yake ili apate miguu. Kisa cha mfalme hakikuwa chake tangu asili. Alikisoma kwa Kijerumani, kikiwa kimetoka katika kitabu cha Kihispania kilichotungwa mwaka 1335 na Don Juan Manuel, mtu wa ukoo wa kifalme, katika zama ambazo Waislamu walikuwa wangali wakitawala Granada. Ngano kadhaa za kitabu hicho zilitoka kwa Waarabu. Basi na mimi sikukosea sana nilipodhani kuwa kisa kile kina harufu ya kwetu.

Katika kitabu hicho cha Kihispania, aliyethubutu kumwambia mfalme kuwa yu uchi alikuwa mtu mweusi, mtunza farasi wake, ambaye hakuwa na cha kupoteza. Andersen alilibadilisha jambo hilo. Mwanzoni alikiacha kisa kimalizike huku watu wote wakiendelea kusifu nguo ambazo hazipo. Kitabu kilipokuwa tayari kiwandani kinapigwa chapa, akaandika haraka kubadilisha mwisho, akamweka mtoto mdogo aseme kweli mbele ya umati. Aliyewahi kuzomewa na kuchekwa alijua kuwa kweli mara nyingi husemwa na yule asiyehesabiwa kuwa mtu.

Mwaka 1838 mfalme wa Denmark akampangia riksdala 400 kila mwaka, na tangu hapo hakulala tena na njaa. Mwaka 1843 akatoa ngano ya yule kitoto aliyetotolewa pamoja na bata, akapigwa na kufukuzwa na kila mmoja kwa sura yake mbaya, hata alipokua ndipo alipojitazama majini akaona kuwa yeye ni ndege mkubwa mweupe mwenye shingo ya madaha. Hakuna haja ya kuuliza kitoto huyo alikuwa nani.

MAULIDI YA STAMBULI

Andersen alipenda mno kusafiri, ijapokuwa alikuwa mwoga wa kupindukia. Daima alibeba kamba ndani ya mizigo yake, ili hoteli ikishika moto aweze kuteremkia dirishani. Aliogopa pia kuzikwa angali hai, na kwa hiyo alikuwa akiweka karatasi karibu na kitanda kuwajulisha watu kwamba hajafa, bali anaonekana tu kama amekufa.

Mwishoni mwa mwaka 1840 alianza safari ndefu iliyomfikisha Italia, Malta na Ugiriki, na mwezi wa Aprili 1841 akaingia Stambuli, mji ambao tangu utotoni aliujenga kichwani mwake kwa matofali ya Alfu Lela Ulela. Alizunguka masokoni, akawatazama madarweshi wakizunguka katika dhikri zao, na ikasadifu kuwa alikuwapo mjini humo katika Mfungo Sita. Aliuona usiku wa Maulidi ya Mtume wetu, misikiti ikimeremeta kwa taa juu ya maji na mizinga ikilia, na mchana wake akamwona Sultani Abdul Majid, kijana wa miaka 18, akienda msikitini juu ya farasi pamoja na watu wake. Yote hayo aliyaandika katika kitabu cha safari alichokitoa mwaka 1842. Mara nyingine, mwaka 1862, alivuka kutoka Hispania mpaka Tangier, Moroko, na hivyo akawa ametia mguu katika bara letu la Afrika.

Sisemi kuwa aliielewa dini yetu kama tunavyoielewa sisi. Alikuwa Mkristo na mgeni, na mara nyingine aliyaona mambo kwa macho ya mtu aliyekwisha kuota ndoto kabla ya kufika. Lakini katika kueleza usiku ule aliandika kwa mshangao na staha, kama mtu aliyekaribishwa kwenye shughuli ya jirani akajua kuwa ameheshimiwa.

MAMA MFUAJI NGUO

Sasa nifike kwenye jambo ambalo, kwangu mimi, ndilo kiini cha maisha ya mtu huyu.

Wakati Andersen alipokuwa akipanda ngazi, mama yake alikuwa akishuka. Kusimama miaka mingi ndani ya maji baridi ya mto, katika nchi ambayo maji huganda, kulimfundisha kutafuta joto katika chupa ya ulevi. Miaka yake ya mwisho aliishi katika nyumba ya kuwatunzia maskini. Mwanawe alikuwa akimzuru kwa nadra. Mama alikufa mwezi wa Oktoba 1833, na habari zilimfikia Andersen mwezi wa Desemba akiwa Rome, katikati ya safari aliyolipiwa kwa fedha za serikali.

Karen Marie, dada yake wa mama mmoja, alikuwa akimtisha zaidi. Kwa miaka mingi Andersen aliogopa kuwa siku moja atatokea mlangoni mbele ya rafiki zake wakubwa. Mwaka 1842 hofu hiyo ikawa kweli. Dada huyo alikuwa yuko Copenhagen, maskini, akiomba msaada. Andersen akampa mumewe fedha kidogo. Karen Marie akafariki mwaka 1846, na katika kitabu alichokiandika kaka yake juu ya maisha yake mwenyewe, hamna jina la dada huyo. Sipendi kumhukumu maiti, lakini katika jambo hili siwezi kumsifu.

Na hao wakubwa aliowaficha ndugu zake kwa ajili yao hawakumfaa kila mara. Mwaka 1857 alimtembelea Charles Dickens, mtungaji mashuhuri wa Uingereza. Alialikwa kwa majuma mawili, akakaa matano, mpaka wenyeji wakamchoka. Baadaye Dickens aliacha kumjibu barua zake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Andersen hakupewa jembe wala buriani, na hakufahamu kosa lake.

Lakini yale ambayo hakuyaweza kwa matendo aliyajaribu kwa kalamu. Mwaka 1845 alitunga kisa cha msichana mdogo auzaye viberiti, aliyekufa kwa baridi usiku wa kuamkia mwaka mpya kwa kuogopa kurudi nyumbani bila ya senti. Nani asiyemwona hapo yule binti aliyekuwa akilia chini ya daraja? Na mwaka 1852 akatunga ngano juu ya mwanamke mfuaji nguo. Meya wa mji anamsema mbele ya mwanawe kuwa ni mlevi asiyefaa kitu. Mwanamke anakufa kwa kazi na kwa baridi, na mtoto anamwuliza jirani mmoja, mama maskini mwenye mguu mbovu, iwapo ni kweli kuwa mamake hakuwa na faida. Jirani anamhakikishia kuwa alikuwa mtu wa maana sana, hata dunia yote ikisema vinginevyo. Katika ngano hiyo Andersen hakumtaja mama yake kwa jina, lakini aliwasomesha watu wa Denmark na wa nchi nyingine kumwonea huruma mwanamke ambaye wao wangempita mtoni bila ya kumwamkia.

TAA ZA ODENSE

Andersen hakuoa. Aliwapenda wanawake kadhaa, miongoni mwao mwimbaji wa Sweden, Jenny Lind, ambaye alimchukua kama kaka tu. Mkono wake ulikuwa na kipaji kingine: alipokuwa akiwasimulia watoto alishika mkasi, akaikata karatasi huku akizungumza, na kisa kilipokwisha aliikunjua, wakatokea watu, ndege na majumba.

Tarehe 6 Desemba, 1867, mji wa Odense ulimwita ukamfanya raia wake wa heshima. Usiku ule taa ziliwashwa mji mzima, watoto wakaimba, na watu wakaandamana na mienge. Utabiri wa mwaka 1819 ukawa umesadifu. Na Andersen mwenyewe? Alisimama dirishani huku jino likimuuma vibaya kwa baridi iliyokuwa ikipenya, asiweze kuifurahia saa aliyoingojea kwa miaka 48. Ndivyo ilivyo dunia; haimpi mja asali bila ya kumchanganyia shubiri.

Alifariki tarehe 4 Agosti, 1875, akiwa na umri wa miaka 70, katika nyumba ya jamaa wa Kiyahudi waliomwuguza kwa wema mwingi nje ya Copenhagen. Shingoni mwake ilikutwa barua kuukuu ndani ya kifuko cha ngozi, ya msichana aliyempenda mwaka 1830 ambaye aliolewa na mtu mwingine. Aliacha zaidi ya ngano 150. Siku yake ya kuzaliwa, tarehe 2 Aprili, imekuwa ikiadhimishwa tangu mwaka 1967 kuwa siku ya vitabu vya watoto ulimwenguni.

Nikiyapima maisha yake, naona kuwa riwaya zake na michezo yake ya jukwaani, ambayo aliitungia wakubwa ili wamkubali, wachache ndio wanaoisoma sasa. Kilichobaki ni kile alichokitoa katika chumba kimoja cha mshona viatu, kwa baba msomaji, kwa mama asiyejua herufi, na kwa wanawake wazee ambao hakuna aliyekuwa akiwasikiliza ila mtoto mmoja.

Kwetu huku wazee wa namna hiyo wangalipo, Lamu, Mombasa, Vanga na kwingineko, ijapokuwa kila mwaka tunawazika. Aliye na bibi yake na aende akakae naye jioni moja, amwombe ngano, kisha aiandike vile vile atakavyoisema, bila ya kuirekebisha.